Bronko: neno la Wagiriki kwenye karatasi ya rufaa

Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, imekuwa ikipokea wakimbizi tangu 1958, walipofika Wanyarwanda. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mkongo aliyewahi kutibiwa kifua kwao huenda ana karatasi ya Kifaransa iliyoandikwa "bronchite". Akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Mbarara, daktari aliyesoma kwa Kiingereza ataandika "bronchitis". Hapo hawahitaji mkalimani, kwa kuwa mzizi ni mmoja.

Mzizi wenyewe ni wa Kigiriki: bronkhos, yaani bomba la pumzi linaloshuka kutoka kooni. Matabibu wa baadaye waliligawa jina: bomba kubwa likawa trakea, na bronko zikabaki kuwa matawi yake yanayoingia kwenye pafu la kulia na la kushoto.

Wagiriki wa kale hawakuwa na hakika bomba la pumzi linapitisha nini. Plato aliamini kwamba hata kinywaji huingia mapafuni, kiupoze moyo. Kitabu kimoja kuhusu moyo, kilichohifadhiwa pamoja na vile vya Hippocrates, kinaelekeza hata jaribio: mnyweshe mnyama mwenye kiu kali, hasa nguruwe, maji yaliyotiwa rangi, umkate koo angali anakunywa, nawe utaikuta rangi ndani ya bomba la pumzi. Sishangai kama waliikuta. Ni mnyama gani atakatwa koo huku anakunywa asipaliwe?

Jina la ugonjwa lilichelewa sana. Ni mwaka 1808 ambapo daktari Mwingereza, Charles Badham, aliandika kitabu kuhusu uvimbe wa utando wa bronko na kuuita bronchitis. Kiswahili kina neno mkamba, na ningefurahi kulisikia zaidi zahanatini, ingawa wagonjwa wengi husema tu kwamba kifua kinawabana.

Mwaka 1897, huko Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian alipitisha bomba gumu kooni mwa mkulima aliyepaliwa, akautoa mfupa uliokwama kwenye tawi la kulia. Ulikuwa mfupa wa nguruwe. Kuchungulia bronko kwa bomba namna hiyo kukaitwa bronkoskopi.

Neno bronko limo pia kwenye dawa. Salbutamol anayovuta mwenye pumu ni ya kundi la bronkodileta, yaani vipanua-bronko: hulegeza misuli iliyobana matawi hayo, na hewa ikapita.