Nilikosa Chuo kwa Pointi Moja, Halafu Wakabadilisha Hesabu

Ndugu yangu mdogo ameingia Gredi ya 10 Januari hii. Jumapili tukiwa tunakula hapa kwetu Free Area, akauliza swali lililonyamazisha meza nzima: "Kwani mimi nikimaliza shule nitapewa nini? Na natakiwa nifanye nini ndio nipewe?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama ugali.

Si swali la kijinga. Mama alifanya KCSE mwaka wa 1989. Mimi nilifanya KCSE 2022. Jina la cheti ni lilelile, lakini masharti ya kukipata hayakuwa sawa hata kidogo. Na huyu wa Gredi 10 atamaliza 2028 chini ya masharti mengine kabisa. Watu wetu wanaongea juu ya "kupita" na "kuanguka" kama vile ni kitu kilishuka kutoka mbinguni, kama mvua. Mimi nimekuja kuamini kwamba kupita ni fomula, na fomula ina watu walioiandika. Nisikilize kwanza, halafu utanitusi kwenye komenti.

Tuanzie mbali kidogo. Enzi za mkoloni, sharti la kwanza lilikuwa rangi ya ngozi. Hapo Njoro, ambapo leo vijana wanapigania nafasi Egerton, Lord Egerton alianzisha shule ya kilimo mwaka wa 1939, na ilikuwa ya vijana Wazungu. Mwafrika hakuhitaji kuuliza anatakiwa alama ngapi.

Mwafrika alikuwa na mtihani wake, KAPE, na waliofika sekondari wakamaliza walifanya mtihani wa Cambridge. Sharti kubwa hapo lilikuwa Kiingereza. Ukianguka Kiingereza, umeanguka kila kitu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, ameeleza jambo hili katika Decolonising the Mind. Anasimulia juu ya kijana wa darasa la 1954 aliyefanya vizuri sana masomo yote isipokuwa Kiingereza. Akahesabiwa ameanguka mtihani mzima, akaishia kuwa taniboi kwenye kampuni ya mabasi. Ngũgĩ mwenyewe alama zake zilikuwa za kawaida tu, lakini Kiingereza alikipita vizuri, akaenda Alliance.

Soma hiyo tena. Aliyekuwa bora alibaki stendi, wa kawaida akaenda shule bora nchini na kuwa mwandishi anayejulikana dunia nzima. Simchukii Ngũgĩ, yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Lakini tangu nisome hiyo, nikipanda matatu pale stendi ya Nakuru huwa namtazama makanga mara mbili.

Uhuru ulipokuja, tume ya Ominde ya 1964 ikaunganisha shule zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi. Rangi ikatoka kwenye masharti. Mtihani ukaanza kubadilisha majina: Cambridge ikawapisha mitihani ya Afrika Mashariki, halafu Jumuiya ikavunjika 1977, na KNEC ikaundwa 1980 ndio Kenya ijisahihishie yenyewe. Lakini angalia CPE, mtihani wa darasa la saba wa enzi hizo. Ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu, na ile ya maarifa ya jumla iliyochanganya sayansi, historia na jiografia. Kiswahili hakikuwemo. Miaka 20 baada ya uhuru, mtoto wa Bondeni angeweza kumaliza shule ya msingi bila mtu yeyote kumpima lugha aliyokuwa akiongea na jirani zake wa kabila lingine kila siku. Sekondari kilikuwepo, lakini kwa kupenda kwako.

Kisha ikaja 1985. Rais Moi, mtu wetu wa huku Bonde la Ufa, akatuletea 8-4-4. Wazo lilitoka kwa tume ya Mackay ya 1981. Kiswahili kikawa lazima na kikaanza kutahiniwa. Useremala, ushonaji, kilimo, upishi, muziki vikaingia darasani, kwa nia kwamba mtoto akiacha shule awe na kazi mkononi. Ni wazo zuri kwenye karatasi. Mama anasema kwao wazazi ndio waliochangishwa kujenga karakana, na ilipoisha kujengwa haikuwa na randa hata moja.

Watu wengi wa rika letu hawajui kwamba mageuzi hayo yaliacha shimo. Wale wa darasa la saba mwaka 1984 hawakufanya CPE, waliambiwa wasonge darasa la nane. Kwa hiyo 1985 hakukuwa na kidato cha kwanza. Na kwa sababu hiyo 1988 hakukuwa na kidato cha nne. Mwaka mzima bila mtihani! Halafu 1989 wakafanya mitihani pamoja, kidato cha sita cha mwisho na kidato cha nne cha kwanza cha 8-4-4, na 1990 wote wakabisha mlango wa vyuo vikuu kwa wakati mmoja.

Mama alikuwa kwenye kundi hilo la kwanza. Masomo kumi. Leo mwanafunzi wa KCSE anafanya saba au nane na tunalia. Wao kumi, vitabu havijafika, walimu wenyewe wanajifunza silabasi usiku ndio waifundishe asubuhi. Baadaye serikali iliona mzigo umezidi, ikapunguza hadi manane, kisha saba yakawa kiwango cha chini. Lakini mama alikuwa ameshafanya kumi zake. Hakuna aliyempigia simu kumwambia pole.

Na bado hakupata cheti.

Alifaulu, jamani. Si kwamba alianguka. Shule yake, siitaji jina na sitaitaja hata mkiniuliza, ilikishika cheti kwa sababu ya salio la karo. Alikuwa na ile karatasi ya matokeo tu. Aliitwa kazi ya ukarani hapa mjini, akaambiwa alete cheti chenyewe. Hakuwa nacho. Kazi ikaenda kwa mwingine. Alikuja kukikomboa 2001, miaka 11 baadaye, kwa pesa za kuuza mitumba. Kiko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na hakijawahi kumpatia kazi yoyote kwa sababu kufikia wakati huo alikuwa na umri wa miaka 29 na watoto wawili.

Kwa hiyo ukiniuliza masharti ya kumaliza sekondari Kenya ni yapi, mimi naanza na lile ambalo halijaandikwa kwenye silabasi yoyote: salio sufuri. Sheria ya KNEC ya 2012 haimpi mwalimu mkuu ruhusa ya kushikilia cheti cha mtu, mahakama zimeshasema hivyo, mawaziri wametoa amri. Nenda bado uulize mtaani kwenu ni wangapi vyeti vyao viko kabatini kwa mwalimu mkuu. Naelewa shule nazo zina madeni ya mchele na maharagwe. Lakini cheti si godoro, huwezi kukiuza ukalipa deni. Unachofanya ni kumzuia anayedaiwa asipate kazi ya kulipia deni lenyewe. Hesabu ya aina gani hiyo?

Sasa nije kwangu. Hapa ndipo uchungu wangu uko, na sijawahi kuyasema haya kwenye video.

KCSE 2022 nilipata C. Si C+, C tupu. Kama hujui tofauti, C+ ndiyo inakufungulia mlango wa digrii. Nilifanya masomo manane. Nakuwekea alama zangu hapa hadharani: Hesabu D+, Kiingereza C, Kiswahili B+, Biolojia C-, Kemia D, Historia B+, Dini C+, Biashara C+. Kila gredi ina pointi, A ni 12, E ni 1. Fomula ya wakati huo ilichukua masomo saba, na baadhi huwezi kuyakwepa: Hesabu, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, halafu mawili mengine. Yangu ikawa 4, 6, 10, 5, 3, 10, 7. Jumla 45. C+ inaanzia 46.

Pointi moja. Nililia wiki nzima, mama akaniambia Mungu ana mipango. Nikajiunga na diploma, nikaanza kurekodi video nikiwa na hasira, na ndio hivi mnanijua.

Mwaka uliofuata, 2023, fomula ikabadilishwa. Kuanzia hapo wanahesabu Hesabu, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara), na masomo mengine matano bora, yoyote yale. Matokeo yalipotoka Januari 2024, waliopata C+ kwenda juu walipita laki mbili, kutoka kama 173,000 mwaka wangu. Watu wakasherehekea kwamba watoto wamejitahidi. Wengine walijitahidi, sikatai. Lakini mimi usiku huo nilichukua kalamu nikahesabu zangu upya. Hesabu 4. Kiswahili 10. Halafu Historia 10, Dini 7, Biashara 7, Kiingereza 6, Biolojia 5. Kemia inaanguka nje.

49. C+, na pointi tatu za akiba.

Ubongo uleule. Majibu yaleyale. Yule yule msichana aliyekaa kwenye dawati lile la kuyumba akiandika juu ya Maji Maji. Angezaliwa mwaka mmoja baadaye, angekuwa mwanafunzi wa digrii. Mabadiliko hayarudi nyuma, wa 2022 tulibaki na C zetu.

Na nikuambie ukweli, fomula mpya siipingi. Kuchukua Lugha ya Ishara kuwa sawa na Kiingereza kulichelewa miaka mingi, na yule taniboi wa 1954 angepita leo. Kitu kimoja tu kinanikera: mtu sasa anaweza kupata E ya Kiswahili na isimguse popote. Lugha iliyopigana hadi 1985 ndio ihesabiwe, imerudi kuwa ya kupenda kwako. Najua mimi ndiye ninayefaidika na sheria hiyo, na bado inanikera.

Turudi kwa kijana na ugali wake. Sekondari ya juu ina mikondo mitatu: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi ya jamii, na ya sanaa na michezo. Yeye yuko sanaa na michezo, anataka muziki. Mambo ya lazima ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hesabu, na somo la kuhudumia jamii, halafu matatu ya mkondo wake. Na hata hiyo Hesabu ina historia: mpango wa mwanzo haikuwa lazima kwa kila mtu. Watu wakapiga kelele, na 2025 wizara ikairudisha, ikaigawa mara mbili, ngumu kwa wanasayansi na nyepesi kwa wengine. Mtihani alioufanya mwaka jana wa Gredi 9, KJSEA, ulichangia asilimia 60 tu ya alama zake, zilizobaki zilitoka kwenye kazi za shule na mtihani wa Gredi 6. Guka aliposikia hilo jina alicheka, maana enzi za mfumo wa zamani kulikuwa na KJSE ya kidato cha pili. Wameongeza herufi moja.

Nilimwambia hivyo hivyo: masharti yako ya leo ni haya, lakini usishangae yakibadilika kabla ya 2028. Akasema, "Sasa nisome au nisisome?" Mama akamwambia amalize chakula.

Halafu akanigeukia mimi. Anajua kwamba KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Hakusema kitu, alichukua tu ile bahasha ya kaki juu ya kabati akaiweka mezani karibu na sahani yangu.

Nimejiandikisha kama mtahiniwa binafsi. Kwenye fomu lazima niweke sayansi mbili, kwa hiyo nitafanya Kemia tena, somo ambalo kwa fomula ya sasa huenda lisihesabiwe kabisa. Kitabu nimekinunua cha mtumba karibu na soko, kina jina la mtu mwingine ndani na kurasa za asidi na besi zimechanika. Kama kuna mtu ana zake hapa Nakuru, naomba nizitoe kopi.