Boksi la mwanga na jua kali la Kamukunji

Jana niliweka programu kando nikashika kisu na katoni. Nataka kupiga picha koroboi ya marehemu nyanya, iliyotengenezwa Kamukunji, kabla kutu haijaimaliza. Nikiipiga juani, bati linametameta na kivuli kinameza mshikio.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1844 Mwingereza William Henry Fox Talbot alichapisha picha za vyombo vya kauri vilivyopangwa rafuni, zilizopigwa kwa mwanga wa jua. Baadaye studio za Ulaya zikajengewa mapaa ya vioo, na mapazia ya kupunguza ukali wa jua.

Kamukunji wanaujua ukali huo. Mafundi waliitwa jua kali kwa kufanya kazi bila paa. Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 akawaahidi mabanda.

Boksi langu ni banda dogo tu. Nimekata madirisha ubavuni, nikayaziba kwa karatasi nyeupe nyepesi, nikapinda manila nyeupe ndani ili kona isionekane, na taa mbili nje. Karatasi hutawanya mwanga, kivuli kikalegea. Sasa alama za lehemu zinahesabika. Jina la fundi hatukulijua; kazi yake tumeihifadhi.