Mlango Unalindwa, Nyumba Inaanguka

Ukitoka Kiranjeranje kuelekea kaskazini unafika Nangurukuru, njia panda ambayo kila dereva wa barabara ya Kusini anaijua. Ukikata kulia unaelekea Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, na kabla ya kufika huko kuna mchepuko wa kwenda Kilwa Kivinje. Wageni wengi wanaokuja kwa ajili ya historia hawaingii mchepuko huo. Wananyoosha mpaka Masoko, wanapanda mashua, wanavuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu. Kivinje, mji ambao nyumba zake za karne ya 19 bado zina watu ndani, wanaipita.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Imekuwaje wilaya moja ikaweza kuyaokoa majengo ambayo hakuna anayelala ndani yake kwa miaka mia kadhaa, lakini nyumba ambazo watu wanalala zikaendelea kudondoka chumba kimoja baada ya kingine?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna hela. Ni kweli, lakini si kweli yote. Hela zilipatikana kwa ajili ya Kisiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa inakula ufuko na kuta zilikuwa zinaanguka. Wafadhili wakaja, mafundi wakafundishwa, wanakijiji wakaajiriwa kwenye kazi ya ukarabati, mikoko ikapandwa kuzuia mmomonyoko. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa kwenye orodha ile. Hayo ni mafanikio ya kweli na yanastahili kusemwa.

Na tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya kilichookolewa ni nyumba. Songo Mnara hakuna husuni la kifalme kama Husuni Kubwa. Ni mji wa makazi wa karne ya 14 hadi ya 16, wenye baraza, kumbi, vyumba vya ndani na madaka ukutani. Ukisimama katika chumba kimojawapo utaona ni chembamba. Sababu yake ni ya kifundi tu: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mita tatu hivi kwa uimara. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Kivinje, zaidi ya miaka 300 baadaye, mafundi waliendelea kujenga kwa kipimo hicho hicho, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Kwa hiyo Songo Mnara na Kivinje ni kurasa za kitabu kimoja. Tofauti ni kwamba ukurasa mmoja umefungwa na mwingine bado unaandikwa.

Kivinje ilipanda wakati Kisiwani inashuka. Waomani walipoitwaa Kilwa na kumaliza usultani wake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, biashara ilikuwa tayari imehamia bara. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilimalizikia Kivinje. Tuseme ukweli kuhusu biashara yenyewe: pembe za ndovu zilikuwepo, lakini mzigo mkubwa ulikuwa watu. Katika miaka ya 1860 watumwa karibu 20,000 kwa mwaka walipitishwa kwenye forodha ya Kilwa, wengi wakipelekwa Unguja. Nyumba za ghorofa, milango ya nakshi, maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yenye vibaraza mbele, sehemu kubwa ya vitu hivyo ina chanzo chake huko.

Wajerumani walipokuja, Kivinje haikuwapokea kwa mikono miwili. Septemba 1888 mawakala wawili wa kampuni yao waliuawa humo mjini. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua kwa muda mrefu, alinyongwa Kivinje pamoja na wenzake. Mwembe wa kunyongea ukapata jina, Mwembe Kinyonga, na mahali pale pana mnara wa kumbukumbu. Boma la Wajerumani bado linatazama bahari. Kisha makao ya wilaya yakahamia Masoko, kwenye bandari yenye kina, na Kivinje ikabaki na majengo bila ofisi, bila meli na bila wafanyabiashara wengi waliokuwa na uwezo wa kuyatunza.

Sasa twende kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ndiyo msingi wa ulinzi wa urithi Tanzania Bara. Kwa jengo, mwaka wa mpaka ni 1863: lililojengwa kabla ya hapo linahesabika kuwa la kale moja kwa moja. Lililojengwa baadaye linahitaji waziri alitangaze. Lakini sheria hiyo hiyo ina kipengele kuhusu milango. Mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki ni kitu kinacholindwa, na hauwezi kutolewa nchini bila kibali.

Hebu uipime sheria hiyo kwa nyumba moja ya Kivinje. Tuseme ilijengwa mwaka 1885. Mlango wake unalindwa tangu siku sheria ilipopita. Ukuta ulioushika mlango huo haulindwi mpaka waziri, kule makao makuu, aandike tangazo. Waliotunga sheria waliona kilichokuwa kinaibiwa, na kweli milango ilikuwa inauzwa. Hawakuona kwamba nyumba ikianguka mlango hauna pa kusimama, na mlango usio na pa kusimama ndio ulio rahisi kuuzwa.

Marekebisho ya mwaka 1979 yalijaribu kuziba pengo kwa kuleta wazo la eneo la hifadhi, yaani mtaa mzima badala ya jengo moja moja. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba mtaa hauwezi kuhifadhiwa kutoka Dodoma au Dar es Salaam. Anayejua kwamba dari ya nyumba fulani imeanza kulegea ni jirani, mjumbe, mwenyekiti wa kitongoji, diwani. Na mwaka 1979 wilaya hazikuwa hata na halmashauri. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa madaraka mikoani. Za miji zilirudi mwaka 1978. Za wilaya zilirudi mwaka 1984, baada ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982. Kwa miaka 12, wilaya kama Kilwa haikuwa na chombo chake cha kuchaguliwa chenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo hata juu ya banda la soko, sembuse nyumba ya kale.

Katika kipindi hicho hicho serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa mhamishaji mkuu. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyopangishwa yalitaifishwa nchini, na wafanyabiashara wengi wenye asili ya Kihindi wakaondoka. Huku kusini watu wa mashambani wakahamishiwa vijijini, na mwaka 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Watu waliacha nyumba, miembe na makaburi, wakajenga upya kando ya barabara. Nyumba zilizoachwa zilikuwa za fito, udongo na makuti. Zilirudi ardhini baada ya masika machache. Hakuna aliyeziita urithi.

Halmashauri zilizorudi mwaka 1984 zilirithi hali hiyo. Zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo na zina mapato: huku kwetu ushuru wa ufuta, korosho, na siku hizi gesi ya Songo Songo. Lakini zina zahanati zisizo na dawa na madarasa yasiyotosha. Diwani atakayesimama kwenye baraza kuomba fedha za kupaka chokaa nyumba ya mtu binafsi Kivinje, wakati kata ya mwenzake haina kisima, ataulizwa kama amepotelewa na akili. Magofu yana mwenyewe: Mambo ya Kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na siku hizi TAWA ndiyo inayoyasimamia. Nyumba ya Kivinje ina mwenyewe pia, na huo ndio ugumu.

Mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni watu 20 au zaidi. Babu alijenga, akafa, watoto wakarithi bila kugawana, nao wakafa, wajukuu wako Dar, Tanga, Unguja, wengine Muscat. Kila mmoja ana sehemu yake kwa sheria ya mirathi, na hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kutosha kubeba gharama ya paa. Anayeishi humo ni shangazi mzee au mpangaji asiye na mkataba. Akiamua kuziba ufa, atatumia alichonacho dukani, yaani saruji. Saruji kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa ni kama kumfunga mtu nailoni akiwa anatoka jasho. Unyevu na chumvi vinabaki ndani, plasta inabanduka, na ukuta unaoza kimya kimya. Chokaa ingefaa, lakini kuchoma chokaa kunahitaji mawe ya bahari na kuni nyingi. Boriti zingefaa, lakini mikoko ni hifadhi ya misitu tangu enzi za Wajerumani na kuikata kunahitaji kibali. Sheria hizo ni za haki, bahari inazihitaji. Ila hakuna aliyeweka utaratibu wa mwenye nyumba ya kale kupata boriti 30 kihalali bila kusafiri ofisi nne.

Wenzetu wamefanyaje? Unguja waliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe mwaka 1985, na mji ukaingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba nyingi kule ni za wakfu, kwa hiyo angalau kuna ofisi ya kugonga mlango. Hata hivyo Beit al Ajaib, jumba linalojulikana kuliko yote, liliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafa. Chombo peke yake hakishikilii ukuta. Lamu walitangaza mji wao wa mawe kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, wakawa na ofisi ya mipango ya kukagua ujenzi, na mwaka 2001 wakaingia Urithi wa Dunia. Nyumba zimesimama. Lakini baadhi zimenunuliwa na wageni wa Ulaya, hasa Shela, na wenyewe wamehamia pembeni ya mji. Nyumba imebaki, ukoo umeondoka. Kivinje ikifuata njia hiyo bila kufikiri, itakuwa na kuta nyeupe na vitanda vya hoteli, na shangazi yule atakuwa amepanga chumba Nangurukuru.

Kuna swali jingine ambalo watu wa hifadhi hawapendi kulisikia, lakini huku Kiranjeranje, kati ya Wamwera, Wangindo na Wamachinga, lipo. Kwa nini ushuru wa ufuta wa mkulima utengeneze nyumba zilizojengwa kwa kuuzwa kwa mababu zake? Silioni kuwa swali la chuki. Ni swali la haki, na jibu lake haliwezi kuwa "ni nyumba nzuri". Jibu langu ni kwamba nyumba hizo ni ushahidi. Boriti na mawe yale yalibebwa na mikono ya watumwa na ya mafundi wa pwani, na hakuna hati inayotaja majina yao. Ukuta ukianguka, kitakachobaki ni vitabu vya forodha vyenye hesabu ya vichwa. Lakini jibu hilo lina masharti: simulizi yote isemwe mlangoni, pamoja na ile ya wabebaji, na nyumba ya udongo nayo iingizwe kwenye daftari. Ujuzi wa kuchagua fito, kukandika, kuezeka makuti yasiyovuja, ni ujuzi wa miaka mingi kuliko ghorofa yoyote ya Kivinje, na unapotea kwa mabati na matofali bila tangazo la waziri.

Halmashauri haihitaji mabilioni kuanza. Inaweza kuorodhesha nyumba na wakazi wake, jambo ambalo watendaji wa kata wanaliweza kwa daftari na kalamu. Inaweza kutunga sheria ndogo kwamba mlango usitolewe na nyumba ya kale isibomolewe bila taarifa. Inaweza kukubaliana na watu wa misitu juu ya kibali kimoja cha boriti za ukarabati. Inaweza kuita warithi wakae, wachague msimamizi mmoja, na wanaotaka waweke wakfu. Mafundi waliojifunza chokaa kwenye magofu ya Kisiwani na Songo Mnara ni watu wa wilaya hii hii. Kuwavusha kuja Kivinje ni nauli ya mashua na ya bodaboda.

Magofu yamesubiri miaka 500 na yanaweza kusubiri kidogo tena. Nyumba yenye mtu ndani haiwezi, kwa sababu siku atakapohama yule anayefagia ukumbi na kuweka ndoo chini ya paa linalovuja, ndiyo siku inapoanza kuwa gofu. Na tukiisubiri ifike hapo ndipo tuihifadhi, tutakuwa tumelinda mawe tu.