Nakala Iliyookoa Picha

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno hili: NAKALA. Nakala ni kitu kilichofanywa kwa kufuata kitu kingine.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mkeka wa Rufiji husukwa kwa ukindu uliotiwa rangi. Msukaji huhesabu miyaa yake, akafuata nakshi aliyoiona kwa mama yake au kwa bibi yake. Mkeka wa bibi umekwisha kuoza zamani, lakini nakshi yake ingalipo. Imeponaje? Imepona kwa sababu mkono mwingine uliifuata. Lishikeni jambo hilo, kwani litatusaidia katika historia ya leo.

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Afrika Mashariki hutundikwa picha ya watu 13 walioketi mezani. Ni picha ya Karamu ya Mwisho: Yesu yuko katikati, na wanafunzi wake 12 wako huku na huku. Wengi wenu ni Waislamu, wala hamtundiki picha za namna hiyo. Lakini huenda mmeiona kwa jirani, na historia yake yafaa ijulikane na kila mtu.

Aliyeichora picha hiyo ni Mwitalia, Leonardo da Vinci. Aliichora kati ya mwaka 1495 na 1498 katika mji wa Milan, juu ya ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie. Ni picha kubwa: upana wake ni karibu mita 9, na kimo chake ni zaidi ya mita 4.

Siku zile wachoraji wa ukutani walizoea kupaka rangi juu ya lipu ingali mbichi, ili vyote viwili vikauke pamoja na kushikana. Kazi hiyo yataka haraka. Leonardo alipenda kwenda polepole, basi akapaka juu ya ukuta mkavu. Rangi haikushika vema. Yeye mwenyewe alikuwa angali hai picha ilipoanza kuharibika. Mwaka 1652 watawa walitoboa mlango katika ukuta ule ule, na miguu ya Yesu ikaondoka pamoja na matofali. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, bomu lilibomoa chumba. Ukuta wa picha ulipona, maana ulikuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga.

Je, twajuaje miguu ile ilivyokuwa? Hapa ndipo nakala inapoingia. Mwaka 1520 hivi, Giampietrino, mmoja wa wafuasi wa Leonardo, aliinakili picha ile kwa mkono juu ya turubai. Alitumia rangi za mafuta, yaani unga wa rangi uliochanganywa na mafuta. Nakala yake ni mali ya Royal Academy, chama cha wasanii cha London. Ndani yake miguu ya Yesu yaonekana, na hata kidau cha chumvi kilichopinduliwa na mkono wa Yuda. Mafundi walipoitengeneza picha ya Milan, kazi iliyoanza 1978 na kwisha 1999, waliichunguza nakala hiyo wapate kujua mambo yaliyofutika ukutani.

Sasa tutazame upande wa pili. Elimo Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasoma sanaa Makerere. Katika miaka ya 1950 alichora picha 5 kubwa ndani ya kanisa la Murang'a, nchini Kenya. Moja yao ni Karamu ya Mwisho. Njau hakumfuata Leonardo. Habari ni ile ile, lakini watu wake ni Waafrika, na nchi wanayokaa ni ya Kiafrika. Baadaye, katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, aliwaonya wasanii wasiige kazi za wengine.

Je, Giampietrino na Njau wanapingana? La. Giampietrino aliweka kilichokuwa kikipotea. Njau aliongeza ambacho hakikuwapo. Msukaji mzuri wa mkeka hufanya yote mawili: hufuata nakshi ya bibi, kisha siku moja hutunga yake. Mwenye kosa ni yule tu auzaye nakala akisema ni kazi ya kwanza, au auzaye picha ya mashine kwa bei ya kazi ya mkono. Mkitaka kununua picha ya rangi za mafuta, itazameni kwa ubavu penye mwanga. Rangi ya mkono kwa kawaida huacha vituta vidogo vya brashi. Karatasi ya chapa ni laini kote.

MASWALI
1. Kwa nini rangi ya Leonardo haikushika vema?
2. Nakala ya Giampietrino ilisaidia nini?
3. Taja kitu kimoja cha kijijini kwenu kinachoelekea kupotea. Nani anajua kukifuata kwa mkono, na nani anajifunza kwake?