Programu huria: zana za kila siku kwenye simu na kompyuta zetu

Mkazi wa Pande, wilayani Kilwa, anayeshika simu asubuhi kuuliza bei ya ufuta au kumtafuta mnunuzi wa pweza huko Kilwa Masoko, huenda hajui kwamba tayari anatumia programu huria. Simu yoyote ya Android imejengwa juu ya Linux, kiini kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland, na ambacho tangu hapo kimeendelezwa na maelfu ya watu. Katika makala haya tunaeleza programu huria ni nini, zinamfaa nani na mtu anaweza kuanzia wapi.

Huria si sawa na bure

Programu yoyote huandikwa kwa maagizo yanayoitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo huo: unapewa programu uitumie, lakini huruhusiwi kuona inavyofanya kazi wala kuigawa kwa mwenzako. Programu huria ni kinyume chake. Leseni yake inakupa ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma na kuubadilisha msimbo wake, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia pia toleo ulilolirekebisha.

Kwa watu wa pwani mfano uko karibu. Mashua ikivuja, fundi yeyote anayejua kukalafati huiziba; mwenye chombo halazimiki kumsubiri aliyeiunda. Programu iliyofichwa msimbo ni mashua ambayo fundi mmoja tu duniani anaruhusiwa kuigusa.

Ndiyo maana hatusemi "programu za bure". WhatsApp ni ya bure lakini si huria. Nakala ya Windows uliyopigiwa mtaani kwa elfu chache nayo si huria. Ni programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, na mara nyingi aliyeivunja huacha humo kirusi.

Kiswahili kiliingiaje?

Ruhusa ya kubadilisha msimbo ndiyo iliyokiingiza Kiswahili kwenye kompyuta mapema. Kupitia mradi wa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitafsiri programu za ofisi, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, yenye menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Kwanza walilazimika kukubaliana juu ya istilahi za kompyuta. Hawakuhitaji kuiomba kampuni yoyote kibali. Baadaye Microsoft nayo ilitoa nyongeza ya Kiswahili kwa Windows.

Kazi hiyo haijaisha. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaandikwa na watu wa kujitolea. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla unakusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili ili kompyuta zijifunze kutusikia. Lafudhi ya Kilwa isipokuwamo, mashine haitaizoea.

Zana zinazofaa nyumbani na kazini

Kuandika barua na mahesabu: LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel.

Video na muziki: VLC, yenye alama ya koni ya barabarani. Inacheza karibu kila aina ya faili, kwenye simu na kwenye kompyuta.

Kuperuzi: Firefox. Ukiiongezea uBlock Origin, ambayo nayo ni huria, matangazo hupungua na bando hudumu zaidi.

Ramani: Organic Maps, inayotumia ramani ya OpenStreetMap. Ukishaipakua Tanzania, inakuongoza bila mtandao. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi, na kazi hiyo ikaingizwa kwenye ramani hiyo hiyo. Njia ya shambani kwenu isipoonekana, unaweza kuiongeza mwenyewe.

Masomo: Kiwix, inayohifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye memori kadi. Mwalimu hupakua mara moja, kisha darasa zima hunakili.

Zana zinazofanya kazi bila mtandao si anasa kwa pwani ya Lindi. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, mvua zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa. Mei 12 nyaya za mawasiliano zilizopita baharini zikapata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini. Siku kama hizo, kilichomo ndani ya simu yako ndicho ulichonacho.

Je, ni salama?

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Malalamiko yalikuwa mengi: mkopaji akichelewa kulipa, ndugu na majirani waliomo kwenye orodha ya simu yake walitumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Programu ya namna hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina na namba, na mtumiaji hana njia ya kujua inazipeleka wapi.

Kwenye programu huria, mtaalamu yeyote anaweza kukagua msimbo na kupiga kelele akiona hila. Duka la F-Droid, linaloweka programu huria pekee za Android, huonya wazi programu inapofuatilia watumiaji. Hata hivyo uhuria peke yake si kinga. Msimbo usiotazamwa na mtu unaweza kubaki na kasoro kwa miaka, na mtumiaji asiyesasisha programu zake hubaki wazi kwa wezi.

Mipaka yake

Programu za benki na za kutuma pesa kwa simu bado zimefungwa, na hazina mbadala ulio huria. Barua yenye majedwali mengi inaweza kuvurugika ikitoka LibreOffice kwenda Word. Kama ni ya kuchapwa tu stationari, ihifadhi kwanza kama PDF. Pia mafundi wengi mitaani wamezoea Windows, hivyo kabla ya kuhama mtafute wa kukusaidia.

Uanzie wapi?

Usibadilishe kila kitu kwa siku moja. Weka VLC na Firefox kwanza, kisha LibreOffice kando ya programu uliyozoea. Pakua kutoka tovuti rasmi ya programu husika au duka la simu yako, usipokee kwenye flashi ya mtu.

Wenye kompyuta za zamani wana sababu ya ziada. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi kuukuu hazikubali toleo jipya. Linux Mint huendeshwa vizuri kwenye mashine yenye memori ya GB 4, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Ukiamua kuiweka moja kwa moja, nakili kwanza picha na nyaraka zako pahali pengine, kwa sababu hatua hiyo inaweza kufuta kila kilichomo.