Kwa nini kuku hufa mchana wa joto

MFUGAJI wa kuku wa nyama wa Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, anaifahamu hofu ya mchana wa Februari. Kuku waliobakiza siku chache kwenda sokoni huanza kuhema midomo wazi, na ifikapo jioni baadhi yao wamekwishakufa.

Vifo hivyo si lazima viwe vya ugonjwa. Huenda miili yao imeshindwa kutoa joto.

Ndege na wanyama wanyonyeshao, binadamu akiwemo, hutengeneza joto mwilini kutokana na chakula. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupima joto la damu na kuuamuru mwili upoe au ujipashe. Binadamu hubaki karibu na nyuzi joto 37 za Sentigredi, na kuku kati ya 41 na 42. Mjusi hutegemea mazingira: asubuhi huota jua ukutani, mchana hukimbilia kivulini.

Joto likizidi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ya binadamu hutanuka, na jasho linapokauka huchukua joto. Katika pwani kama Dar es Salaam, unyevunyevu wa hewa huchelewesha jasho kukauka. Ndiyo maana nyuzi 32 za hapa huchosha kuliko nyuzi hizo hizo kule Dodoma.

Kuku hana tezi za jasho. Hutanua mbawa, hupeleka damu kwenye upanga na ndevu zake, na huhema ili maji yakauke katika njia ya hewa. Kuhema huko kuna gharama: hewa ya kabonidayoksaidi hutoka kupita kiasi, uwiano wa tindikali katika damu huvurugika, na kuku wa mayai hutaga mayai yenye maganda membamba.

Kifaranga ana shida iliyo kinyume. Katika siku zake za mwanzo hawezi kujipasha vya kutosha, hivyo huhitaji nyuzi kati ya 32 na 35 wiki ya kwanza, zikipunguzwa taratibu hadi aote manyoya. Vifaranga wakirundikana, wanahisi baridi. Wakikimbilia pembeni huku wakihema, joto limezidi. Anayetumia jiko la mkaa aache nafasi ya hewa, kwa kuwa hewa yake yenye sumu, isiyoonekana wala kunusika, huua vifaranga na hata mfugaji.

Kwa kuku wakubwa, banda lipitishe upepo, wasisongamane, na maji ya baridi yasikosekane. Chakula kitolewe alfajiri na jioni, kwani usagaji wake tumboni huongeza joto.

Binadamu naye asijisahau. Anayefanya kazi juani akichanganyikiwa au kuzimia huku mwili ukiwaka moto, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe na afikishwe hospitali haraka. Joto la mwili likipita nyuzi 40, maisha yamo hatarini.