Mahakama ya Rufani: Kituo cha Mwisho cha Shauri Linaloanzia Singida

Shauri la mirathi likiamuliwa na Mahakama ya Mwanzo wilayani Mkalama, mkoani Singida, upande usioridhika hukata rufaa Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi hatua hiyo ya tatu iliwalazimu wakazi wa Singida kusafiri hadi Dodoma. Juu yake ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na hapo ndipo safari hukoma.

Wanaofuatilia habari za Kenya huuliza iwapo Tanzania nayo ina Mahakama ya Juu. Haina, na Mahakama Kuu, licha ya jina lake, si ya mwisho. Hadi mwaka 1977 Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia mahakama moja ya rufani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilianzisha yake mwaka 1979 na kuifanya ya mwisho kwa Bara na Zanzibar, isipokuwa katika tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri yaliyoanzia mahakama za Kadhi. Katiba ya Uganda ya 1995 na ya Kenya ya 2010 ziliweka ngazi moja zaidi.

Tofauti huonekana zaidi katika uchaguzi. Mahakama ya Juu ya Kenya, yenye majaji 7, huamua shauri la kupinga matokeo ya urais ndani ya siku 14, na Septemba 1, 2017 iliyafuta. Tanzania, Ibara ya 41(7) ya Katiba huzuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais baada ya Tume kumtangaza.

Hata hivyo, ngazi ya juu haifikiwi na kila shauri. Kenya, rufaa ya mwisho huhitaji suala la Katiba au lenye maslahi mapana kwa umma. Tanzania, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo huhitaji hati ya Mahakama Kuu inayothibitisha kuwapo kwa hoja ya kisheria. Mrithi anayetaka tu ushahidi upimwe upya hana nafasi. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30.

Baada ya hukumu ya Rufani hubaki maombi ya mapitio, ndani ya siku 60 na kwa sababu finyu, mfano kosa lililo dhahiri katika hukumu au mhusika kunyimwa haki ya kusikilizwa. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, haisikilizi rufaa hizo; hupima iwapo kitendo cha nchi mwanachama kimekiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwananchi hutakiwa kuwasilisha shauri lake ndani ya miezi 2.